Jinsi ya kuchora kwa kuchanganya vifaa ukiwa umejifundisha mwenyewe, kuanzia wazo mpaka vanishi

Watu wengi wanaoanza kuchora bila kupita shule ya sanaa wanauliza swali hilohilo, wasanii wanatoa wapi mawazo, na kwa upande wangu jibu ni kwamba kwenye kazi ya kuchanganya vifaa wazo haliji peke yake, linakuja likiwa limeshikana na kitu ulichonacho mkononi, karatasi iliyochanika vibaya, kipande cha nguo kilichofifia, herufi kubwa iliyobaki kwenye bango la zamani, yaani kile kitu chenyewe ndo kinakuanzishia. Kwa hiyo nitaelezea vyote viwili kwa pamoja, pa kutolea mawazo na namna ya kujenga picha, manake ukivitenganisha unaweza kuishia na wazo zuri linalobanduka ukutani baada ya muda, au picha imara kabisa ambayo haina la kusema.

Kuchanganya vifaa, au miksidi midia kama wengi wanavyoita, ni picha moja iliyojengwa kwa zaidi ya kifaa kimoja: akriliki (rangi ya plastiki inayochanganywa na maji) na mkaa, wino na karatasi za kubandika, kitambaa na rangi ya mafuta, chochote. Sio jambo la juzi. Mwaka 1912 mchoraji Pablo Picasso alichukua kitambaa cha kufunikia meza kilichochapwa mchoro wa ususi wa kiti, akakibandika kwenye picha ndogo yenye umbo la yai, akapaka rangi ya mafuta hapo hapo alafu akaizungushia kamba pembeni. Mwaka huohuo mwenzake Georges Braque akaanza kubandika vipande vya karatasi ya ukutani yenye mistari ya mbao kwenye michoro yake ya mkaa. Kabla ya hapo mchoraji akitaka mbao kwenye picha ilibidi aichore, wao wakaonyesha kwamba unaweza kuleta kitu chenyewe, au chapa yake ya kiwandani, ukakiweka jirani na ulichochora kwa mkono, na vile viwili vikaanza kujibizana. Hilo ndo swali utakalokuwa unajiuliza kila ukikaa kazini: hiki nikichore au nikibandike?

Pa kutolea mawazo

Kujifundisha mwenyewe hakumaanishi huna walimu, inamaanisha walimu unawachagua wewe. Jean-Michel Basquiat, mchoraji wa New York, hakusomea sanaa chuoni. Akiwa na miaka 7 aligongwa na gari, na alipokuwa amelazwa mama yake akampelekea kitabu cha anatomia ya mwili wa binadamu, na ukiangalia kazi zake za baadaye unakuta mafuvu, mifupa, mikono iliyoandikwa majina ya viungo, vitu vya kile kitabu vimebaki naye mpaka ukubwani. Alikuwa anachora alafu anatoa fotokopi za michoro yake mwenyewe, anazibandika kwenye kanvasi na kupaka rangi juu. Somo hapo sio kwamba ukanunue kitabu cha anatomia. Ni kwamba kitu kilichokuingia ukiwa mdogo, hata kama hakina uhusiano wowote na sanaa, hicho ni mali yako, na hakuna mtu mwingine anayekiona vile unavyokiona we.

Edward Saidi Tingatinga, mchoraji wa Tanzania, naye hakusomea uchoraji. Alichora kwa rangi ya kung'aa ya kupakia baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, na ukitulia ukaangalia utaona jinsi kile kifaa kilivyochangia mtindo wenyewe: rangi ya aina ile inakaa flati, inang'aa, haichanganyiki kirahisi kama rangi ya mafuta, kwa hiyo unapata wanyama wenye mistari safi na rangi kali. Mtu anayelia kwamba hana vifaa vya maana namwambia akaangalie zile picha. Vifaa vichache vinakulazimisha uamue, na maamuzi yakijirudia ndo watu wanaanza kusema una mtindo.

Sasa namna ya kujifunza kutoka kwa hawa watu bila kuwaiga. Chagua kazi moja tu, ya Mmarekani Romare Bearden labda, au Mkenya Wangechi Mutu, au Mjerumani Kurt Schwitters aliyekuwa anabandika tiketi na karatasi za vifungashio baada ya vita vya kwanza vya dunia, ikuze kwenye skrini mpaka uone kingo za karatasi. Kaa nayo nusu saa. Alafu andika kwa maneno: nini kiliwekwa kwanza, nini kikafuata, nini kiko juu kabisa. Wapi karatasi imekatwa kwa mkasi na wapi imechanwa kwa mkono. Wapi rangi inafunika na wapi inaachia cha chini kionekane. Hutapata yote sawa na haijalishi, unachofanya ni kuzoeza jicho kusoma picha kwenda chini, tabaka kwa tabaka, badala ya kuisoma kwa upana tu. Mtu anayeona picha iliyokwisha anaona mandhari au uso, mchoraji anatakiwa aone mpangilio wa kazi.

Zoezi hili mimi naliweka juu ya video zote za mafunzo. Video inakuonyesha mkono wa mtu mwingine unavyokwenda, ila kusoma picha mwenyewe kunakufundisha kuuliza kwa nini.

Kukusanya, na hapa usikimbie

Tafuta sanduku au bahasha kubwa na anza kuweka vitu: karatasi za vifungashio, risiti, ramani za zamani, kurasa za vitabu vilivyochakaa, nyuzi, vitambaa, kadibodi yenye mawimbi, nyavu za kufungia matunda ambazo zinatoa alama nzuri sana ukizipaka rangi na kuzigandamiza. El Anatsui, msanii kutoka Ghana, ametengeneza kazi kubwa za kufunika ukuta mzima kwa vifuniko vya chupa vilivyopondwa na kuunganishwa kwa waya wa shaba, na ukiziona kwa mbali unadhani ni kitambaa. Kwa hiyo hamna takataka ya kudharau.

Ila kuna namna ya kupanga ambayo inabadilisha kila kitu. Usipange kwa mada, eti hapa maua, hapa nyuso, hapa majengo. Panga kwa rangi na kwa kiasi cha giza: bahasha ya vyeupe na vya krimu, ya vya kati, ya vyeusi, alafu za rangi rangi. Sababu ni kwamba ukiwa katikati ya picha huwa huhitaji "ua", unahitaji kitu cha giza chenye ncha kali cha kuweka pale kona ya chini, na mkono ukienda kwenye bahasha ya giza unaweza kukutana na kipande cha ramani ambacho usingekifikiria kabisa. Huo mgongano ndo msukumo wenyewe. Ukipanga kwa mada unapata kile tu ulichokuwa umeshakiwaza.

Pia tengeneza karatasi zako. Siku ambayo huna wazo lolote chukua karatasi nyeupe nyembamba, paka rangi, kwaruza kwa kitana, chapa kwa sponji, rusha matone, andika na kufuta, zikikauka weka akiba. Mchoraji Mfaransa Henri Matisse miaka ya 1940 alipokuwa mgonjwa wasaidizi wake walimpakia karatasi rangi ya gwashi (rangi ya maji nzito inayofunika) na yeye akazikata kwa mkasi, kwa hiyo karatasi zake zote zilikuwa za familia moja ya rangi alizozichagua yeye. Faida nyingine ya karatasi zako ni kwamba hakuna wa kukudai haki za picha. Hilo ni jambo la kufikiria mapema kama una mpango wa kuuza: picha ya jarida ni ya mtu, na kuikata sio lazima ikufanye mmiliki. Picha ulizopiga mwenyewe na karatasi ulizopaka mwenyewe hazina shida hiyo.

Neno moja kuhusu magazeti. Karatasi ya gazeti ina lignini nyingi, ile inayotoka kwenye mti, na ikipigwa na mwanga na hewa inageuka njano na kuwa dhaifu. Kama unaupenda huo unjano, sawa, uchukulie ni sehemu ya kazi. Kama huutaki, toa kopi ya ukurasa kwa printa ya leza kwenye karatasi isiyo na asidi na ubandike hiyo kopi.

Cha kuchorea

Karatasi ya kuprintia itakunja na kupasuka ukiilowesha mara mbili, achana nayo kwa kazi hii. Chukua karatasi nzito ya gramu 300 kwa mita ya mraba kwenda juu, au kanvasi, au kipande cha plaiwudi au hadibodi. Kanuni rahisi ni kwamba kadiri unavyobandika vitu vizito ndivyo unavyohitaji kitu kigumu chini, manake kanvasi inacheza, na gundi iliyokauka haipendi kuchezewa, ndo maana vipande vinene vinaanza kuachia kwenye kingo. Paka jeso, ile rangi nyeupe ya kuandalia uso ili rangi zishike, tabaka mbili, lile la pili ukielekeza brashi upande mwingine, na ukitaka uso laini pitisha msasa mwembamba katikati. Karatasi na bodi nyembamba zipake na nyuma pia, hata kama ni jeso ya haraka haraka, kwa sababu upande mmoja ukivutwa na rangi inayokauka na mwingine ukiwa mtupu lazima ipinde.

Nini kinakaa juu ya nini

Hapa ndo mtu aliyejifundisha mwenyewe anapoteza kazi nzuri, na sio kwa kukosa kipaji ila kwa sababu hakuna aliyemwambia, kwa hiyo soma taratibu.

Akriliki inakauka kwa maji kuondoka, plastiki iliyomo inaungana na kuwa ngozi moja. Rangi ya mafuta haikauki kwa maji, inashika hewa ya oksijeni na kugeuka polepole, wiki hata miezi. Kwa hiyo mafuta juu ya akriliki iliyokauka sawa, akriliki juu ya mafuta hapana, haina cha kushika, itakuja kubanduka kama ngozi iliyoungua jua. Ukitaka vyote viwili, malizana na akriliki kwanza, na kolaji yote (vipande vya kubandika), alafu ndo ufungue mafuta. Na ndani ya mafuta yenyewe matabaka ya chini yawe membamba, yale yenye mafuta mengi yawe juu.

Pasteli za mafuta, vile vijiti vya rangi vyenye mafuta, hazikauki kikamilifu kamwe. Ziweke mwisho. Watu wanazitumia mwanzo kuchora mistari alafu wanapaka akriliki nzito juu, inateleza au inakaa kwa muda tu. Tofauti ni pale unapotaka makusudi rangi ikimbie: chora kwa pasteli ya mafuta au krayoni ya nta, alafu pitisha wino au rangi ya maji nyepesi sana, maji yatakimbia nta na mstari utabaki ukiwaka. Nzuri mno, ila basi iache hivyo hivyo, usirudi kuifunika.

Mkaa na chaki laini ni vumbi. Ukipitisha brashi yenye maji vinageuka tope la kijivu, na saa ingine tope hilo ndo unalolitaka, mimi kwa kweli nalipenda, linachafua rangi safi na kuipa uzito. Kama hulitaki, puliza dawa ya kushikilia mkaa kabla ya kuendelea, tabaka nyepesi mbili tatu badala ya moja nzito. Na ujue mkaa unahitaji uso wenye mkwaruzo, kwenye akriliki inayong'aa unateleza, kwa hiyo pale unapotaka kuchora juu ya rangi paka kwanza jeso nyembamba au mediamu isiyong'aa (akriliki tupu isiyo na rangi), ikauke, ndo uchore.

Kalamu na kopi zijaribu kwa kidole kilicholowa kabla hujaziamini. Printa ya leza inatumia unga uliochomwa kwa joto, hautoki kwa maji. Printa nyingi za nyumbani za kunyunyiza wino zinatoka, ukipaka gundi tu picha inavuja buluu na pinki kila mahali.

Rangi za kung'aa sana, zile za kalamu za kuwekea alama na za neoni, zinafifia kwenye mwanga. Kwenye daftari hazina neno. Kwenye kazi ya kuuza angalia kwenye chupa kama kuna alama ya kuhimili mwanga, wengi wanaandika I au II kwa zile zinazodumu.

Kujenga picha yenyewe

Kabla ya kugusa kanvasi fanya vijaribio vidogo kwenye daftari, ukubwa wa kiganja, vifaa vitatu tu. Mfano karatasi nyeusi, akriliki nyeupe, penseli. Dakika kumi kila kimoja, usivirembe. Bearden mwaka 1964 alikuza kolaji zake ndogo kwa njia ya picha mpaka zikawa kubwa za nyeusi na nyeupe, na hiyo ni njia unayoweza kuichukua sasa hivi, piga picha kijaribio chako, kikuze, uone kama kinasimama kikiwa kikubwa. Vingi havisimami. Vile vinavyosimama ndo vya kufanyia kazi.

Alafu anza tabaka la kwanza bila kujali. Kanvasi nyeupe inatisha, kwa hiyo iondolee weupe: paka rangi ya udongo, andika maneno makubwa kwa mkaa, yafute nusu, chapa kadibodi. Karibu yote haya yatafunikwa, lakini vile vipande vitakavyochungulia mwishoni ndo vinavyoipa picha historia, na mtazamaji anahisi kuna kitu chini hata kama hajui ni nini.

La pili ni kubandika. Panga vipande vikiwa vikavu kwanza, bila gundi, uvisogeze sogeze, piga picha kwa simu mipangilio mitatu minne alafu ulinganishe. Ukichagua, tumia jeli ya akriliki isiyong'aa au gundi nyeupe ya maji, paka chini na paka mgongo wa karatasi, weka, alafu pitisha rola au kadi ngumu ya plastiki kutoka katikati kwenda nje ili hewa itoke. Karatasi nene ilowanishe kidogo kabla, itanuke kwanza, manake ikitanukia kwenye gundi ndo inaleta vimikunjo. Funika na karatasi ya kuokea, weka vitabu vizito juu, iache usiku kucha. Usiruke hatua ya uzito.

Mkasi au mkono? Ukikata kwa mkasi unapata ukingo unaosema "hiki kimebandikwa", ukichana unapata ukingo mweupe wenye nyuzi unaozama kwenye rangi. Tumia vyote ila kwa kujua. Uso uliokatwa kwa mkasi ukiwekwa kwenye rangi zilizochafuka unatoka mbele kama unakuja kwako.

Kuna njia nyingine ya kuleta picha bila kubandika karatasi, ni kuihamisha. Toa kopi ya leza, na kama ina maandishi igeuze kwanza kwenye kompyuta, kwa sababu itatokea kinyume. Paka jeli ya akriliki nzito kiasi juu ya kanvasi, laza kopi uso chini, kandamiza vizuri hewa yote itoke, iache ikauke kabisa, siku nzima ni salama. Kisha lowanisha mgongo kwa sponji, subiri dakika chache, anza kusugua kwa kidole kwa mzunguko, karatasi itatoka kama vijinyuzi na picha itabaki kwenye jeli. Usisugue kwa hasira, kopi ina tabaka jembamba sana. Ikikauka utaona ukungu mweupe, ni karatasi iliyobaki, lowanisha tena sugua tena. Mahali patakapotoboka paache, mara nyingi ndo panapokuwa pazuri kuliko pengine pote.

Baada ya kubandika picha huwa inaonekana kama soko, kila kitu kinapiga kelele. Ndo maana tabaka la tatu ni la kuunganisha. Chukua mediamu ya akriliki, weka rangi kidogo sana, tuseme kahawia au buluu nzito, paka juu ya eneo kubwa alafu futa kwa kitambaa kabla haijakauka. Vipande kumi vilivyokuwa havijuani vinaanza kushea mwanga mmoja. Rudia sehemu ukitaka. Hapa kuna mtego, mtu akiona raha ya kuunganisha anapaka kila mahali mpaka picha yote inakuwa rangi ya chai, kwa hiyo acha sehemu mbili tatu ambazo hujazigusa kabisa, zenye rangi yake ya mwanzo.

La nne ni kuondoa, na hili ndo roho ya kazi hii kwa maoni yangu. Msasa, kisu butu, kitambaa chenye spiriti ambayo inalainisha akriliki, chochote kinachofungua tabaka la juu. Kwaruza mpaka cha chini kitokee. Chora mstari kwa mpini wa brashi kwenye rangi mbichi. Bandika karatasi, ichane kabla haijakauka sawa, iache mabaki. Anayejua kuongeza tu anapata picha nene. Anayeongeza na kuondoa anapata picha ambayo muda umepita ndani yake.

Mwisho mistari: penseli, mkaa, wino, pasteli za mafuta. Michache. Mstari unaelekeza jicho, kwa hiyo jiulize unataka jicho liende wapi, liingilie wapi na lipumzike wapi.

Ukikwama

Kukwama kupo kwa kila mtu na kuna mambo ya kufanya badala ya kukaa na kuumia. Igeuze picha kichwa chini. Itazame kwenye kioo. Ipige picha kwa simu alafu iondoe rangi, ibaki nyeusi na nyeupe, na hapo utaona haraka sana shida kubwa ya picha nyingi zilizokwama, kwamba kila kitu ni kijivu cha kati, hamna giza la kweli wala mwanga wa kweli. Rangi inadanganya, nyekundu na kijani zinaweza kuonekana tofauti kabisa wakati uzito wake ni uleule. Ukiona hivyo ongeza giza sehemu moja na mwanga sehemu moja, mara nyingi inatosha.

Kama haitoshi, chukua rangi nyeupe au ya krimu funika theluthi mbili ya picha. Ndiyo, theluthi mbili. Baki na ile sehemu unayoipenda kwa dhati, na mara nyingi utagundua sehemu zingine zilikuwa zinaizuia kupumua. Na ikishindikana kabisa ikate vipande, viende kwenye bahasha, umeshapata karatasi za kubandika zilizotengenezwa na mkono wako.

Kujua imeisha ni kugumu kueleza. Mimi naangalia hivi: kama najua cha kufanya na kwa nini, naendelea. Kama nashika brashi ili tu mkono uwe na kazi, naigeuzia ukutani, nairudia baada ya siku kadhaa.

Kulinda mapafu na kulinda kazi

Spreyi zote pulizia nje au mahali penye hewa ya kutosha, kisha usirudi kuinusa. Ukipiga msasa rangi iliyokauka vaa barakoa ya vumbi au tumia msasa wa maji, kwa sababu baadhi ya rangi zina madini kama kadmiamu na kobalti na vumbi lake sio la kuvuta. Unga wa chaki usiupulize kwa mdomo, pigapiga bodi kwa nyuma udondoke. Kikombe cha chai na kikombe cha brashi vikae mbalimbali. Maji ya kuoshea akriliki yaache yatulie usiku, mwaga ya juu, masimbi yaliyobaki chini yafute kwa karatasi uyatupe na takataka, ni plastiki ile, itaziba bomba lako na itaenda mtoni. Vitambaa vyenye mafuta ya kitani usivivuringe pamoja pembeni, vinaweza kupata joto vyenyewe na kuwaka, vitandaze vikauke au viweke kwenye maji ndani ya kopo la chuma lenye mfuniko.

Kazi ya akriliki na kolaji ikikauka vizuri, ipe siku kadhaa, paka kwanza tabaka la mediamu laini juu ya kila kitu alafu ndo vanishi, na chagua vanishi inayoweza kuondolewa ili siku ikichafuka isafishwe bila kugusa rangi. Kumbuka tu kwamba brashi ya mediamu itavuruga mkaa ambao haujashikiliwa. Ukiwa umemalizia na rangi ya mafuta nzito subiri miezi 6 mpaka 12 kabla ya vanishi. Kazi yenye chaki au pasteli laini juu usiipake vanishi kabisa, iweke chini ya kioo, na hakikisha kuna nafasi kati ya kioo na karatasi.

Usizilaze picha za akriliki uso kwa uso hata kama zimekauka miezi, joto likipanda zinanatana na ukizitenganisha zinachanana. Weka karatasi ya kuokea katikati, zisimamishe wima, mbali na jua la moja kwa moja.

Na nyuma ya kila kazi andika kwa penseli: jina lako, mwaka, na vifaa vyote kwa mpangilio ulioviweka, jeso, akriliki, kopi ya leza, jeli, mkaa, dawa ya kushikilia, vanishi gani. Mwenye kuinunua atajua namna ya kuitunza, na wewe ukiipenda ile rangi ya pale kona ya juu utajua ilitokana na nini.